Kikombe cha Kahawa na Talaka ya Tatu

Watu wakirudi kutoka Ulaya husimulia walichokiona. Mimi ntasimulia nilichokisema, kwa sababu nilichokisema nusura kinivunjie nyumba, na nilikisemea ndani ya kanisa, mbele ya mzee wa Kizungu ambaye hakufahamu hata neno moja.

Kwanza mjue anayesema ni nani. Skuli nilikwenda kidogo, Unguja, na tuliachana bila ya mmoja wetu kulia. Nilipofika Maskati nilikuwa kijana mwembamba mwenye shati moja la maana. Nikaendesha gari la maji la mtu, tangi la buluu, nikivuka nalo milima kwenda Amerat wakati Amerat ilikuwa mawe na mbuzi. Leo magari ya maji ni yangu, na madereva wananiita arbabu, yaani tajiri wao. Nilichonacho nimekipata kwa usukani. Nayasema haya mapema asije mtu akangojea nimweleze matao na nguzo na nani alijenga lini. Sijui, na sikuuliza.

Binti yetu wa mwisho anasoma Uingereza, udaktari wa meno. Mwaka jana mama yake akasema chakula hakimpiti mpaka amwone, basi tukenda. Siku moja ya mapumziko binti akatwambia atatupeleka kutwa nzima kwenye mji wa zamani, mwendo wa treni, wenye kanisa kuu ambalo watu hutoka pembe zote za dunia kuja kulitazama. Nikamwambia makanisa hata Ruwi, pale pale Maskati, yapo. Kila Ijumaa, ndiyo mapumziko kwetu, msichana wa Kiganda anayemsaidia mke wangu kazi za nyumbani huenda huko na wenzake, wamejipamba kama maharusi, na sijapata kuona mtalii amesimama mlangoni. Akasema hili ni la karne na karne. Nikasema basi litakuwa linavuja.

Mke wangu hakuingia kwenye mabishano hayo. Alikuwa anajaza chupa ya kahawa. Kahawa yetu ya iliki, tende, halua ya Maskati ndani ya kopo, na vile vikombe vidogo visivyo na mkono, amevifunga kwenye khanga visigongane. Vitu hivyo amevibeba mpaka Makka. Mtu asiyeondoka nyumbani bila ya kahawa yake hutafuta wa kunywa naye, na hapo ndipo balaa lilipoanzia, ingawa asubuhi ile tulicheka njia nzima.

Mji wenyewe mzuri, sikatai. Mto umepita katikati, maji unayaona mpaka chini, na samaki wamo wanaogelea na hakuna hata mtu mmoja anayewavua. Nilisimama darajani nikasikitika. Nyumba za zamani za mbao zimeinamia barabara, ghorofa ya juu imetokeza kuliko ya chini, madirisha yamekwenda upande. Binti akasema zimelindwa kisheria, hakuna ruhusa ya kuzinyoosha. Mimi fundi aliyenijengea ukuta uliopinda nusu ya vile nilimfukuza na mwiko wake mkononi.

Kanisa, nimpe mtu haki yake, ni jengo. Nilitazama juu mpaka kofia ikanianguka. Lakini baridi iliyokuwamo ndani, chumba cha barafu cha samaki pale Matrah kina huruma zaidi. Na tatizo kubwa lilikuwa chini. Sakafu yote makaburi. Askofu huyu, jemadari yule, mke wa tajiri fulani, wamelazwa chini ya mawe yaliyoandikwa, na watu wanapita juu yao na viatu vyao. Mmoja alikuwa anakula peremende kasimama juu ya kifua cha askofu.

Sisi kaburi halikanyagwi. Mke wangu akasimama kizingitini akagoma. Binti akamwambia hao wameshakuwa udongo zamani.

"Na bibi yako kule Unguja ni udongo vilevile," mama yake akamjibu. "Nenda kamkanyage."

Basi tukaanza kutafuta mawe matupu, yasiyo na jina. Mguu hapa, mguu kule, mimi na umri wangu, yeye na magoti yake, kama watoto wanaoruka madimbwi. Watalii wa Kichina wakatupiga picha. Nadhani walidhani ni ibada.

Mzee mmoja wa Kizungu akatuona. Mrefu, mwembamba, amevaa utepe begani, ni wale wanaojitolea kuwaelekeza wageni. Alipomwona mke wangu kasimama kwa mguu mmoja baina ya majemadari wawili akafikiri mgonjwa. Akaja na kiti, akakiweka mahali ambapo, kwa bahati, hapakuwa na mtu chini yake. Akamwona anatetemeka. Akavua koti lake, koti zito la sufi, akamfunika magoti, kisha akasimama pale na sweta lake, pua imemwiva kwa baridi, anatabasamu.

Sasa, mimi mtu akimvulia koti mke wangu siwezi kumwambia ahsante tu nikenda zangu. Kwetu mtu kama huyo unamweka kitako, unamnywesha, unamlisha, unamuuliza khabari za watoto wake. Nikamwambia kwa Kiingereza changu, kile cha gereji, akae tunywe kahawa. Akashukuru, akasema hapana. Nikamwambia tena. Akasema humu ndani hairuhusiwi kula wala kunywa. Nikamwambia basi nje. Akasema yuko kazini, tena kahawa hapana, lakini ahsante sana. Kila nikivuta yeye anarudi nyuma kwa adabu, na mimi nikiona adabu inayorudi nyuma hupandwa na kitu.

Nikasema, kwa sauti, kama nnavyosema barazani kwangu: "Alayya talaka, hatutoki mji huu hujanywa kahawa yetu."

Wasiokuwa na mazoea yetu niwaeleze. Hicho ni kiapo cha wanaume. Maana yake mke wangu kaachika kama jambo hilo halikuwa. Maskati na bara yake yote ndivyo wanavyokaribishana wazee. Mgeni anasema anakwenda, mwenye nyumba anatupa talaka, na mgeni mwenye akili anakaa haraka sana, kwa sababu sasa ameibeba nyumba ya mwenzake shingoni. Hakuna anayedhani mtu ataachika. Ni heshima, tena kubwa.

Lakini mgeni lazima afahamu. Huyu akacheka, akanigusa bega, akasema kitu ambacho binti baadaye alikifasiri kuwa, "Siku nyengine labda." Akaenda zake kuwapokea wageni wengine.

Nilipogeuka mke wangu alikuwa ananitazama.

"Ya tatu hiyo," akasema.

Na alikuwa kweli. Ya kwanza niliitupa tungali vijana, tunaishi Matrah, kwa mgeni aliyetaka kuondoka kabla ya chakula. Akaondoka, kwa sababu mkewe alikuwa anajifungua, na mimi sikuambiwa. Nikamrejea mke wangu kwa mashahidi. Ya pili ilikuwa kwa kaka yangu, niliapa lazima alale kwangu, naye mkorofi, akaingia garini makusudi akanipigia honi. Nikamrejea tena, safari ile kwa bangili. Talaka mbili mume anaweza kumrejea mkewe. Ya tatu hakuna kurejea, mpaka mwanamke aolewe na mwanamume mwengine, wakae, waachane, ndipo. Nilikuwa na moja iliyobaki, na nimeitoa kwa ajili ya kikombe kisichojaza hata kiganja.

Binti alipofahamu kilichotokea aligeuka mwekundu. Akasema haya ni mambo ya kijinga, talaka haiwezi kuingia kwa sababu ya Mzungu asiyetaka kahawa, mimi nnajiaibisha na nnamwaibisha mama. Nikangoja mama yake anitetee au amuunge mkono. Hakufanya hata moja.

"Wewe nyamaza," akamwambia binti. "Hii imeanza kabla hujazaliwa." Kisha akajifunika mtandio vizuri, akasogeza kiti kidogo, na mimi akaniambia, "Na weye kaa mbali. Mpaka tujue, mimi ni mke wa mtu au si mke wa mtu."

Nikasema hakuna khofu, kiapo kinasema kabla hatujautoka mji. Mji hatujautoka. Treni yetu ni ya jioni. Na ikifika jioni bado hajanywa, basi hatuondoki, tutalala hapa hapa.

"Ulale na nani?" akaniuliza.

Nikachukua chupa ya kahawa chini ya kwapa nikamfuata mzee.

Nimefukuzana na watu wengi maishani, madereva waliokimbia na funguo, wateja waliohama usiku na tangi langu, lakini sijapata kumfukuza mtu kwa ajili ya kumkirimu. Mzee yule alikuwa na kundi la wageni, anawatembeza. Nikajiunga nalo. Tukasimama kwenye kaburi la mfalme, nikatabasamu na kuinyanyua chupa, akatikisa kichwa. Tukasimama kwenye dirisha la vioo vya rangi, nikainyanyua tena. Tukashuka kwenye chumba cha chini chenye giza, pana maaskofu wengine wamelala, nikasema pengine huku chini sheria haifiki. Inafika. Mwanamke mmoja wa kundi akaniuliza kama nnauza. Kufika hapo nilikuwa nimeshawakanyaga mpaka wafalme, Mungu anisamehe, sikuwa na wakati wa kuruka.

Binti nilimwomba aende akamweleze kwa Kiingereza safi. Akakataa. Alisema hatosimama mbele ya mtu mzima mwenye adabu zake na kumwambia kwamba asipokunywa kahawa baba yake atakuwa amemwacha mama yake. Nikamwambia nimemsomesha kwa maji, gari baada ya gari, na siku nnayomhitaji anaona haya. Akasema, "Baba, ulinisomesha meno."

Basi nikatoka nje kwenye majani, nikampigia simu shekhe wa msikiti wetu kule Amerat. Nikamweleza. Shekhe ni mtu wa maneno machache.

"Ulinuia nini?" akauliza.

"Nilinuia anywe kahawa."

"Basi anywe."

"Hataki, shekhe."

Akauliza ilikuwa ya ngapi. Nikamwambia. Nikasikia anavuta pumzi. Akasema kuna wanavyuoni wanaosema hivi na kuna wanaosema vile, na mimi nikitaka kulala usingizi wangu nisitegemee wanaosema vile. "Mbembeleze anywe," akasema. "Huyo mzee ni karibu na weye kuliko mimi." Akakata simu.

Nilirudi nikamkuta mke wangu pale pale kitini, koti la mtu magotini, anakula tende kwa kujificha, anamsikiliza mtu anayepiga kinanda kule mbele. Alikuwa ametulia kuliko nilivyopenda. Nilimwambia alivyosema shekhe. Akatafuna, akatema kokwa mkononi.

"Hata mimi nilikuwa nafikiri," akasema. "Nikiachika ntakaa na dada yangu. Ana ua mkubwa. Hakuna atakayeniuliza soksi ziko wapi."

"Unafanya mzaha."

"Na sheria inasema niolewe na mwengine kwanza. Mzee huyu koti lake zuri."

Binti akacheka, na hapo ndipo niliposikia baridi ya kweli. Kwa sababu namjua mke wangu anapotania, na namjua anaposema jambo kwa mzaha apime kama linatamkika. Safari hii alikuwa anapima. Miaka yote hiyo nimeitumia talaka yake kama mtu anavyotumia honi, na sijapata kukaa nikajiuliza anayeachika husikia nini pale mumewe anapompigania mgeni abaki. Sikuipenda fikra hiyo, nami sikukaa nayo sana. Zamu ya mzee ilikuwa imekwisha, nilimwona anavua utepe, anatafuta koti lake.

Alikuja kwetu kulichukua. Mke wangu akainuka, akamrejeshea kwa mikono miwili, kisha akaninyang'anya chupa.

"Nipe," akasema. "Mwenye shughuli ni mimi."

Akatoka naye mpaka nje, kwenye ukumbi wa wazi wenye majani katikati. Hana Kiingereza hata cha kuombea maji. Akafungua khanga, akatoa kikombe, akamimina, akampa kwa mkono wa kulia na akabaki amesimama, chupa mkono wa kushoto, kama tunavyosimama mgeni anapokunywa. Na mtu aliyesimamiwa hivyo na mwanamke wa umri wake hawezi kusema siku nyengine. Akapokea.

Lakini hakunywa. Akakishika kikombe kwa vidole viwili, akamgeukia binti, akamweleza kwa upole. Moyo wake si mzima, daktari kamkataza kahawa. Tangu asubuhi alikuwa anasema hapana na mimi nnadhani ni adabu.

Nikajiona nimekwisha. Ama nimuue mzee wa watu, ama nimwache mke.

Hapo binti akashindwa kuvumilia, akamwambia yote. Talaka, ya kwanza, ya pili, ya tatu, treni, shekhe. Alisema kwa muda mrefu. Mzee alinitazama mimi mara moja tu, wala hakucheka tena. Kisha akamtazama mke wangu, akauliza swali fupi, na binti akalifasiri huku sauti imebadilika.

"Mama, anauliza unataka anywe?"

Nnaapa, au niseme tu, kwamba katika ndoa yetu yote hakuna aliyewahi kumuuliza swali hilo. Si mimi, si wazee, si mashahidi waliokuja mara mbili kula biriani ya kumrejea. Akalichukua kwa uzito wake. Akamtazama mzee, akatazama kikombe, kisha akanigeukia.

"Hutolisema tena neno hilo," akaniambia. "Si kwa mgeni, si kwa kaka yako, si kwa mtu yeyote."

"Wallahi sito..."

"Usiape. Sema."

Msidhani ni jambo dogo. Mimi nimefanya biashara yangu yote kwa kuapa. Mteja akisema maji yamepungua naapa, mekanika akisema gari limekufa naapa. Kusema jambo tupu, bila ya Mungu wala mke kulibeba, ni kama kutoka nje bila ya nguo. Mzee wa Kizungu kasimama na kikombe kinapoa, binti ananitazama, na watalii wanapita.

"Sitolisema tena," nikasema.

"Nimesikia," akasema mke wangu. Akamgeukia mzee akaitikia kwa kichwa.

Mzee akanyanyua kikombe akanywa. Vikombe vyetu ni funda mbili, tatu kwa mwenye mdomo mdogo. Alikunja uso kwa iliki, akameza yote, akakirejesha. Mke wangu, kwa mazoea tu, akaanza kumimina tena, kwa sababu kwetu asiyekitikisa kikombe anataka zaidi. Mimi na binti tulimrukia pamoja. Halua alikula, na vidole akalamba, daktari wake hakuwa ameitaja.

Ndani ya treni mke wangu alikaa kando ya binti, si kando yangu. Nikamuuliza kama bado ana wasiwasi wa ndoa. Akasema ndoa ipo, ila anastarehe na dirisha.

Sasa khabari ya nyumbani. Tangu tulipoteremka uwanja wa ndege Maskati, wageni wangu huondoka wanapotaka. Mtu ananyanyuka, mimi nafungua mdomo, nakuta hamna kitu ndani yake. Juzi alikuja jamaa yangu mmoja wa Yiti, mvuvi, mchana, sinia la wali na samaki linakaribia kutoka jikoni. Akasema yeye ana haraka, hakai. Mke wangu alikuwa nyuma ya mlango na sinia mkononi, najua, niliona kivuli chake kimesimama.

Nikamwambia jamaa, "Haya, kwa kheri."

Akaduwaa. Akanitazama kama mtu aliyepigwa. Akaniuliza amenikosea nini. Nikamwambia hakunikosea kitu. Akaniuliza kama mimi mgonjwa. Nikamwambia mzima. Akasimama pale mlangoni na viatu vyake mkononi, hajui aende au arudi, mwisho akavitupa chini, akarudi akakaa, akasema nyumba isiyomng'ang'ania mtu ina jambo, na yeye hatoki mpaka aambiwe. Akala mpaka mifupa. Alasiri ikapita yumo tu ananipeleleza, magharibi ikaingia yumo, na mke wangu akampelekea na mto wa kulalia.